Simu Iliyobaki Mpanda

Soko la Buzogwe lilikuwa limefurika watu mpaka pa kukanyaga hapakuonekana, na Odeta alikuwa anapenya katikati ya wauza dagaa na wauza mitumba huku amejitwika printa kichwani, imefungwa kwa kitenge. Watu walimpisha wakicheka. Alivaa gauni la bluu la mikono mirefu, kola imefungwa hadi shingoni, gauni la binti ambaye kaka yake humtazama kwanza kabla hajatoka. Printa yenyewe ilikuwa ya steshenari ya kaka huyo, Ladislas, na Odeta ndiye aliyekaa humo tangu amalize kidato cha nne. Asubuhi alifungua mlango wa mbele wa duka, jioni akaufunga na kuingia ndani kwa mlango wa nyuma, maana duka na nyumba vilikuwa jengo moja. Aliishi Mpanda kwa miaka hiyo yote bila kuijua Mpanda.

"Dada, hiyo printa unaipeleka kubatizwa?" sauti ya kiume ikauliza.

Odeta akageuka taratibu, mzigo usije ukamwangukia. Mbele ya kibanda cha mabati alisimama kijana mrefu aliyevaa shati la maua lililopigwa pasi ikakubali, ila vidole vyake vilikuwa vyeusi kwa wino.

"Namtafuta fundi, sitafuti padri," alimjibu. "Inatafuna karatasi."

"Basi ina njaa. Ilete huku. Mimi naitwa Machibya."

Ndani ya kibanda kulikuwa na joto la mchana wa Oktoba. Kwenye rafu ya chini kompyuta kuukuu zilizovuliwa maganda zilikuwa zinanguruma, feni zake zikizunguka, na hakuna mtu aliyekaa mbele yake. Odeta akashindwa kujizuia.

"Hizi nani anazitumia?"

"Hakuna. Ziko kazini."

"Kazi gani bila mtu?"

Machibya akafurahi kama mtu aliyeulizwa habari za mtoto wake. Akamweleza kwamba kuna wanasayansi wanatafuta dawa za magonjwa, na hesabu zao ni nyingi kuliko mashine walizonazo. Kwa hiyo huzikata vipande vipande, na yeyote duniani mwenye kompyuta isiyo na shughuli anaweza kujitolea, akaletewa kipande chake kwa mtandao, mashine ikakipigia hesabu na kurudisha majibu.

"Kumbe ni ikibiri," Odeta alisema. "Kwetu Warundi watu wanakusanyika kumlimia mmoja shamba, kesho wanaenda kwa mwingine."

"Hiyohiyo! Ila huyu tunayemlimia hatumjui."

"Na wanakulipa?"

"Hata senti. Ng'ombe wa baba wako Majimoto, mie nimekuja mjini nikakuta sina cha kuchunga. Basi nachunga hizi."

Odeta alicheka mpaka akasahau kwamba alitakiwa kurudi mapema.

Baada ya siku hiyo printa ile ilipatwa na magonjwa mengi ya ghafla. Wiki hii karatasi, wiki ijayo wino. Isipougua printa, simu iliita, na Odeta alipokea ameinama nyuma ya mashine ya fotokopi.

"Malkia wa Buzogwe, umekula?"

"Nimekula. Ongea haraka, Kaka yuko uani."

"Kaka, Kaka! Mimi nampenda dada mtu, naambiwa habari za kaka."

"Machibya, nakata."

"Kata basi." Na hakuna aliyekata.

Odeta alimpenda, na tusizunguke. Alimpenda kwa sababu alikuwa mtu wa kwanza kumwambia habari za kitu kilicho mbali na kaunta ile.

Sasa, nyumba ya Ladislas ilikuwa na desturi yake. Baada ya chakula cha jioni na sala, kila aliyekuwa na simu aliiweka juu ya meza, na Ladislas akazibeba zote kwenda kuzichaji chumbani kwake kwenye ekstensheni moja. Asubuhi alizigawa kama mwalimu anavyogawa madaftari. Hakuwa mtu mbaya. Wazazi wao walikuwa wamefariki, naye aliamini kwamba ukimfungia mtu vizuri hapatwi na kitu. Geti lilikuwa na kufuli, na ufunguo ulilala chini ya mto wake.

Ndipo simu ya Odeta ikaanguka na kupasuka kioo. Machibya aliitengeneza, na katika kuitengeneza akafanya jambo aliloliona ni zawadi. Aliingiza ile programu ya kujitolea, akaiunga na akaunti yake, akaipa simu jina la Malkia wa Buzogwe kwenye orodha ya mashine zake. Ingefanya kazi ikiwa kwenye chaji tu, kwa intaneti ya dukani. Alipanga kumwambia siku ya kuzaliwa kwake, amwonyeshe hesabu zote alizowasaidia wanasayansi bila kujua.

Haikufika huko. Asubuhi moja Ladislas alitoka chumbani ameishika ile simu kwa ncha za vidole.

"Odeta, simu yako ina homa. Imewaka hivi tangu nimeamka. Usiku inaongea na nani?"

Kwenye kioo kulikuwa na mstari wa kijani unaosogea, na chini yake jina la Machibya. Odeta alilitazama asielewe. Ladislas hakungoja, alipiga namba ya fundi na kuweka spika.

"Wewe ndiye umeweka kitu kwenye simu ya mdogo wangu?"

"Ndiyo, shemeji, ila ngoja nikueleze..."

"Shemeji! Nani shemeji yako? Umeleta posa wapi?"

Odeta akamnyang'anya simu. "Machibya, hicho kitu kinakuonyesha simu yangu ikiwashwa?"

"Kinaonyesha ikifanya kazi. Lakini hakioni meseji, Odeta, wala hakijui uko wapi. Nilitaka kukufurahisha."

"Kwenye ikibiri mtu anaombwa. Hachukuliwi jembe lake akiwa amelala."

"Mpenzi wangu..."

"Umesema unachunga. Mimi sio ng'ombe."

Akakata mwenyewe. Ilimuuma kuliko kitu chochote kwamba dirisha pekee alilokuwa nalo, nalo lilikuwa na mtu anachungulia kwa nje.

Ladislas aliamua siku hiyohiyo. Odeta angekwenda Litapunga kwa shangazi yao Rozalia, "mpaka utulie," na simu ingebaki, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa na laini ya duka ya kutuma pesa. Alipakiwa kwenye gari la mbolea na begi lake. Namba ya Machibya ilibaki ndani ya simu, na kichwani hakuwa nayo. Nani siku hizi anakariri namba?

Litapunga ulikuwa msimu wa kukausha tumbaku. Masenge Rozalia, kama Odeta alivyomwita shangazi yake kwa Kirundi, alimkabidhi bani, kile kijumba cha matofali ambamo majani ya tumbaku huning'inizwa juu na moto kupita chini. Moto wa bani hauachwi. Ukishuka, majani yanaharibika, ukizidi yanaungua, na mavuno ya mwaka mzima yamekwenda. Basi Odeta alikaa pale na gogo moja baada ya jingine, macho mekundu, kanga inanuka moshi, asiweze kutoka hata kufika barabarani. Dukani angalau watu walikuwa wanaingia.

Hasira zilimwisha, akaanza kungoja. Kila pikipiki iliyopita alinyanyua kichwa. Alijisemea kwamba mwanamume anayekupenda atakutafuta tu, na Mpanda na Litapunga si mbinguni na duniani. Machibya hakuja. Akangoja mpaka akaona aibu kungoja.

Aliyekuja ni Méthode, mkulima mjane, mzee wa kanisa, mtu mpole aliyevua kofia kila alipomsalimu. Alipeleka posa kwa Ladislas, na Ladislas akakubali. Jumapili baada ya misa Odeta angeulizwa mbele ya watu kama ameridhia, na hakuna aliyewaza kwamba angeweza kusema hapana. Méthode naye alikuwa na mabani mawili. Odeta aliyaona maisha yake yote, ameketi mbele ya mdomo wa moto.

Ijumaa mchana, Masenge akiwa ameenda kisimani, pikipiki iliingia uani. Aliyeshuka alivaa shati la maua, limejaa vumbi.

"Odeta."

Aliinua macho, kisha akasukuma gogo ndani. "Umepotea njia?"

"Nilijua uko salama, ndiyo maana sikuja. Nilisema nikupe muda."

"Ulijuaje niko salama?"

"Kila asubuhi nilikuwa naona simu yako imemaliza kazi zake. Haikukosa hata siku moja. Nikasema, Odeta ana hasira lakini hajanitupa. Angekuwa hanitaki si angekwisha kuifuta ile programu?"

Odeta alimwangalia kama anaongea lugha ngeni. Halafu akaelewa, na kicheko kikamtoka, kikavu.

"Simu iko Mpanda, Machibya. Iko chumbani kwa Kaka. Yeye ndiye anayeichomeka kila jioni, na kuiondoa hiyo programu hajui, maana fundi anayemfahamu ni wewe tu. Wakati wote huo ulikuwa unachumbiana na Ladislas."

"Nimeyajua jana. Nilipita mbele ya duka nikamwona ameishika, anatuma pesa za watu. Mama Agatha wa maandazi ndiye aliyeniambia uko huku."

"Kwa hiyo mwezi mzima umekaa unaangalia mstari wa kijani."

"Nilifikiri ni wewe."

"Uliiona simu. Mimi hukuniona." Na hapo machozi yakamtoka, akayaacha yatoke. "Jumapili wananipa mtu."

Machibya alichuchumaa mbele yake. Utani wote ulikuwa umemtoka usoni. "Nisamehe. Nilikosa nilipoiweka bila kukuomba, nikakosa tena nilipoiamini. Nataka kukuoa, Odeta. Panda tuondoke sasa hivi."

"Nikipanda, kijiji chote kitasema Msukuma ametorosha binti, kama mnavyofanya kwenu."

"Sisi hatu..."

"Mnafanya."

"Tunafanya," alikubali. Akatoa simu yake mfukoni, akamfungulia orodha ya mashine. Malkia wa Buzogwe alikuwa katikati ya orodha, ameripoti asubuhi ileile. "Ifute mwenyewe."

Odeta alijifuta mkono kwenye kanga, akabonyeza. Jina likatoweka.

"Sasa nitajuaje kama uko salama?" Machibya aliuliza, kwa unyonge kabisa.

"Utaniuliza."

"Haya, nakuuliza. Unataka nini?"

Kaka yake hakuwahi kumuuliza hivyo, wala Masenge, wala Méthode na kofia yake. Odeta alihitaji muda kulipata jibu, na lilipokuja lilikuja lote. "Nataka kurudi Mpanda leo, kwa miguu yangu, nimwambie Kaka usoni kwamba Méthode simtaki. Nataka kupanga chumba ambacho ufunguo wake ninao mimi. Swali lako la kuoana sitalijibu nikiwa hapa, sitaki kuolewa ili nitolewe mahali."

"Na bani langu je?"

Ilikuwa sauti ya Masenge Rozalia, amesimama na ndoo, na haikujulikana amesikia kuanzia wapi. Machibya aliruka kusimama. "Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nimeuliza, nani atakaa na moto? Majani yapo katikati. Yakiharibika tutakula nini?"

Odeta aliinamisha kichwa. Hilo ndilo lililokuwa linamfunga kila siku.

Machibya akaanza kufungua vifungo vya shati lake la maua. Alilikunja vizuri, akaliweka juu ya kiti cha pikipiki, akaketi kwenye gogo la Odeta. "Nitakaa mimi mpaka yakauke."

"Wewe unaujua moto?"

"Nitafundishwa, mama."

Masenge alimtazama yule Msukuma kifua wazi, akatua ndoo, akacheka mpaka akashika kiuno. Kisha akamgeukia Odeta, na uso ukabadilika. "Mimi nilipoolewa sikuulizwa hata kama nala chumvi. Nenda, mwanangu. Ladislas akipiga kelele mwambie apige kwangu."

Machibya akamkabidhi Odeta simu yake, na Masenge akamtajia namba yake aiandike humo. Odeta alijua ya kwake mwenyewe angeidai kwa Ladislas, na alijua pia kwamba maneno makali yanamngoja pale mlangoni. Alitembea mpaka barabarani, akasimamisha bodaboda wa kwanza.

"Wapi, dada?"

"Mpanda."

Upepo ulimpiga usoni, moshi ukaanza kumtoka kwenye nywele. Walipofika mlimani mtandao uliopotea njiani ukashika tena, naye akapiga simu ya Masenge.

"Mpe huyo kijana."

Kikohozi kilisikika kwanza. "Odeta? Umefika? Uko salama?"

"Niko njiani. Niko salama. Niulize lile swali lako."

"Sasa hivi? Moto unataka kunishinda huku!"

"Niulize."

Akamuuliza, huku anakohoa.

"Ndiyo," Odeta alisema. "Ila kwanza natafuta chumba."

Bodaboda, ambaye alikuwa amesikia kila kitu, alipiga honi ndefu barabara nzima ikiwa tupu, na Odeta akamwambia aongeze mwendo.