Aliyeutilia Mbolea Mkungu

Mwaka 1998, nyumbani kwa Bi Kaltham huko Ibra, mkungu wa uani ulianza kufa. Ulikuwa mti wa kivuli, umetanda mpaka ukutani. Majani yakatoka madogo, ya manjano, na matawi ya juu yakakauka. Mti ule aliupanda binti yake, Hiba, alipokuwa na miaka mitano, mwaka familia iliporudi nchi ya mababu kutoka Unguja. Hiba mwenyewe alikuwa amefariki mwaka uliotangulia, msichana mkubwa ambaye hajaolewa, kwa homa ya siku mbili tu. Bi Kaltham hakuwa tayari kuupoteza na mti.

Mtoto wa kaka yake, Nadhir, alikuwa bwana shamba Nizwa. Alipokuja kumtazama, aliuzunguka mti mara mbili.

"Shangazi, samadi usiirundike shinani," alisema. "Mizizi inayokula iko mbali, pale kivuli kinapoishia. Chimba vishimo kwa duara, kina cha shubiri. Tia samadi iliyooza, fukia, mwagilia. Lakini kidogo kidogo. Mti mgonjwa ukilishwa sana huungua."

Jumamosi Bi Kaltham alichimba vishimo vitatu, mgongo ukamkataa. Akaingia ndani kulala usingizi wa adhuhuri, kama mtaa mzima. Alipoamka kwa sala ya alasiri, vishimo vilikuwa saba. Vyote vimefukiwa. Vyote vimemwagiliwa.

Alidhani ni mumewe, Saud. Saud alisema hakuondoka kitandani.

Siku ya pili vilikuwa kumi na vinne, na kwenye tope palikuwa na nyayo za miguu mitupu. Bi Kaltham aliinama kuzitazama. Wayo wa kushoto haukuwa na kidole cha mwisho.

Hiba alikatwa kidole kile na jembe, akiwa na miaka tisa.

Alikwenda kwa jirani yake Turkiya, mzaliwa wa pale pale Ibra. Turkiya alimsikiliza, kisha akafunga dirisha.

"Mughayabu," alinong'ona. Wenyeji huamini kwamba mchawi anaweza kumficha mtu na kumtumikisha. Watu wa nyumbani huona maiti, wakaiosha, wakaizika, kumbe wamezika gogo la mtende. "Ukimwona, usimtaje jina. Ukimtaja, bwana wake atajua kuwa umemjua."

Siku ya tatu Bi Kaltham hakulala. Alisimama nyuma ya pazia la jikoni. Jua lilikuwa la utosi. Mtaa kimya. Mlango wa ua haukufunguka, lakini mtu alikuwa amechutama pale kivuli kinapoishia. Anachimba kwa vidole. Kucha hazikuwapo.

Alikuwa Hiba. Amekonda, midomo imepasuka. Anachota samadi kwa viganja, anaishindilia shimoni, anahesabu kwa sauti ndogo. Ishirini na moja. Ishirini na mbili.

Bi Kaltham alitoka na bilauri ya maji. Alijikaza.

"Pokea maji, bibie."

Yule aliinua macho. Yalimpita, kama anatazama ukuta. "Siruhusiwi, bibi," alisema, kwa sauti ile ile aliyoizoea mama yake. "Nimeambiwa nitakunywa mti ukipona."

"Nani kakwambia?"

"Yupo hapo nyuma yako."

Bi Kaltham hakugeuka. Wala hakuweza tena kujizuia. "Hiba. Mwanangu."

Uso ule ukabadilika. Ukamjua. Na palepale ukajaa hofu.

"Mama," alinong'ona, "kwa nini umenitaja?"

Ua ukawa mtupu. Bilauri ilikuwa bado mkononi.

Kesho yake, baada ya kusikia yote, Saud alileta msumeno. Bi Kaltham alilikumbatia shina. "Usiukate. Ukipona atakunywa."

"Kaltham, mtoto tumemzika. Mimi ndiye niliyeingia kaburini kumpokea."

"Alikuwa na uzito gani, Saud?"

Saud aliibandua mikono ya mkewe shinani. Kisha akaanza kukata. Alikata huku analia, mpaka likabaki gutu tu.

Tangu siku hiyo, kila adhuhuri, Bi Kaltham aliweka bilauri ya maji kando ya gutu. Kila alasiri aliikuta imejaa vilevile, maji yamepata moto. Alifanya hivyo miaka saba. Nyayo hazikuonekana tena. Kila Saud alipomwona anatoka na ile bilauri, aligeuza uso.

Alasiri moja ya mwaka 2005, alikuta maji yamemwagwa. Bilauri ilijaa udongo mbichi, umeshindiliwa mpaka ukingoni, na juu yake alama za vidole vitano.

Vilikuwa vidogo. Vya mtoto wa miaka mitano au sita hivi.

Mpaka siku waliyomzika, Hiba hakuwahi kuzaa.