Kilichogonga Ndani ya Boti

Haya yalimpata rafiki yangu Munyao, fundi wa faibaglasi pale Emali. Mteja wake, Sufian, alinunua boti Mombasa akamletea aikate sehemu ya mbele, iliyokuwa imefunikwa pande zote, aweke viti vya abiria.

Asubuhi Munyao alipowasha grainda ya kukatia, alisikia kitu kikigonga chini ya kifuniko. Akaizima. Ngo, ngo, ngo.

"Wayua, unasikia?" akamuuliza mkewe.

"Ai, kuna mtu huko ndani! Kata haraka, atakosa hewa."

Akakata, na kadiri alivyokata, kugonga kule kulizidi kufifia. Kipande kilipotoka kulikuwa kumekoma. Akaingiza kichwa gizani, akaita. Alirudishiwa sauti yake tu. Mle ndani mlikuwa na vumbi ambalo halijaguswa na mtu.

Munyao anasema hakuogopa. Alikaa tu chini, mwili na moyo vimekufa ganzi. Wayua ndiye aliyekipindua kile kipande juani. Upande wa ndani ulijaa alama za viganja, vidogo kama vya mtoto. Akagusa alama moja. Ilikuwa imelowa maji, na bado ilikuwa na joto.