Dera la Marehemu Halikufuliwa

Hebu niambie wewe unayesoma, ushawahi kumwona mtu akivishwa nguo ya dada yake aliyezikwa juzi, nguo haijafuliwa, jasho la marehemu bado limo kwapani?

Mimi nimeona. Kwangu nyumbani, hapa Garissa, mchana kweupe.

Lilikuwa dera la kijani lenye maua meupe. Mwenyewe ni Ikran, mjukuu wangu, aliyefariki akijifungua. Aliyevishwa ni mdogo wake Leyla, anayesomea uuguzi chuoni.

Na aliyelileta ni Diriye, mume wa marehemu. Alilifunga kwenye mfuko, akakaza fundo, ili harufu isitoroke.

"Msilifue," akasema. "Mtoto akinusa mamake atanyamaza. Leyla atazoea."

Atazoea!

Walimvisha juu ya nguo zake. Akasimama mikono ameiweka mbali na mwili, kama mtu aliyemwagiwa uchafu.

"Ayeeyo," akaniambia mimi bibi yake polepole, "hii nguo bado ni Ikran."



Kwetu ni desturi ya zamani. Mke akifa, jamaa zake humpa mume dada wa marehemu, ili watoto wasilelewe na mgeni. Siku hizi wengi wameiacha. Diriye hakuiacha. Na mwanangu Abdihafid, baba yake Leyla, alikuwa ashaikubali.

Nilimuuliza kama amezungumza na binti. Akasema binti haulizwi, anaelezwa. Nikabishana naye mpaka sauti ikanikauka, naye akanijibu neno moja tu: mama, wewe mwenyewe si ulilelewa hivyo hivyo?



Na ni kweli. Babu yangu mzaa mama, Nunow, alizaa watoto kumi na wanne kwa wake watatu kule Bura, enzi za Mwingereza. Wengi wao walikufa kabla sijawajua. Kitinda mimba ni Hawo, na ndiye pekee aliyebaki. Mama yangu alipofariki, mimi bado natambaa, Hawo akapewa baba yangu. Alikuwa msichana wa umri wa Leyla huyu.

Mimi namwita habaryar, mama mdogo. Alinisuka, akanilisha, akanifundisha kukamua mbuzi. Hakuwahi kunichapa.

Ila alikuwa na mambo mawili ya ajabu. Nyumbani kwake hakufukizwi uunsi, ule udi ambao nyumba ya Msomali bila huo ni kama haina mwanamke. Watu walisema kifua kinambana, tukaamini. Na jina la mama yangu, Safiyo, hajawahi kulitamka. Akimtaja husema "yule".

Basi wakamleta kutoka Bura, aje ambariki Leyla. Yeye ndiye alikuwa mfano wao.

Wanaume walikula kwanza, sisi tumeketi upande wa pili wa mkeka. Wacha niwaambie alivyokula Diriye. Nyirinyiri, ile nyama iliyokaushwa, na samli, mafuta yanateremka mpaka kwenye kiwiko, anayafuata kwa ulimi. Kati ya tonge na tonge anamtazama Leyla. Leyla alikuwa ashalivua lile dera, ameliweka mkekani. Tone la samli likadondoka juu yake. Diriye akalipangusa kwa kidole... halafu akakilamba.

Mfiwa huyo!

Abdihafid akaanza hotuba. Kwamba hapa mbele yenu ameketi mama yetu, alipewa ndoa ya dada yake, akazaa watoto saba, hakulalamika hata siku moja. Kwamba Leyla amtazame yeye.

Habaryar alinyoosha mkono.

"Nipeni hiyo nguo."

Akaiweka puani. Akakaa nayo hapo mpaka watu wakaacha kutafuna. Alipoishusha, uso wake ulikuwa umekunjamana kama mtu aliyeuma kitu kilichooza.

"Waryaa Diriye. Mwanamke akifiwa hukaa eda miezi minne na siku kumi. Wewe umekaa nini?"

"Habaryar, mwanamume hana eda."

"Kweli. Lakini pua anayo."



"Ni kwa ajili ya mtoto," Diriye akasema.

"Mimi pia niliambiwa ni kwa ajili ya mtoto." Akaninyooshea kidole, mimi, mwanamke mwenye wajukuu. "Walinifunga shaash ya dada yangu, kile kitambaa cha kichwa alichofia nacho. Kimelowa jasho la homa. Wakakifukiza uunsi, ili mimi nisitapike na huyu asilie. Huyu akalala. Mimi nimetapika miaka mingi."

Jamani...

Kile kitambaa nakikumbuka, alikivaa mpaka nikakua kidogo. Nilikuwa nakilalia begani mwake. Harufu ile ndiyo ninayoijua kuwa ya mama, na wajukuu wangu nimewasimulia kama kitu kitamu. Kumbe mimi nilipata mama. Yeye alipata nini?

"Sibariki," akasema. "Na msinitaje tena kwamba nilikubali. Sikuulizwa."

Abdihafid aliinamisha kichwa. Alipokiinua, alimgeukia binti yake.

"Leyla. Unamtaka?"

"Simtaki, aabo."

"Basi imeisha."

Diriye alinawa mikono, akatafuta viatu vyake. Mtoto amebaki kwangu, baba yake akitaka kumwona mlango upo wazi. Analala kwenye shuka safi, na akilia tunambeba kwa zamu.

Nyinyi mnaosoma, yatima ni mzigo wa ukoo mzima, si wa mgongo wa msichana mmoja. Na mtu asiyelalamika msiseme ameridhika. Muulizeni.

Mimi pia niliuliza, japo nimechelewa. Alasiri, watu wameshaondoka, tulikuwa wawili kwenye karai tunalifua lile dera. Nikamwambia habaryar, siku ile kama wangekuuliza, ungesema unataka nini? Nilidhani atanitajia kijana fulani, au shule.

Alikamua dera mpaka tone la mwisho.

"Kulia," akasema. "Waliniambia bibi harusi halii. Mimi nilitaka kumlilia Safiyo."