Sabato ya Fundi Arasa

"Gunia limechanika," sauti ilisema kwenye simu. "Saa tano linavushwa."

Ruqia, afisa wa ujasusi, alikata simu.

Gunia ni Milka, mchuuzi wa omena, dagaa wa hapa Sindo kando ya Ziwa Victoria, na jicho la Ruqia ufuoni miaka miwili sasa. Wauza magendo ya detoneta, vile viwashio vya baruti, walikuwa wamemshika. Saa tano wangemvusha ziwani, na anayevushwa na watu wale harudi.

Ilikuwa saa nne na dakika tano.

Moyo haukumwenda mbio. Zamani ungemwenda.

Kando yake ndani ya gari, Probox, kulikuwa na kompyuta ya ThinkPad ambayo kikosi chake kilimnyang'anya dereva wa genge alfajiri, kule Ntimaru. Ukiiwasha, inaruka moja kwa moja hadi Windows: picha za harusi, nyimbo za kwaya. Upuuzi mtupu. Lakini diski ilikuwa ya giga mia tano, na Windows iliona mia mbili tu. Zilizobaki zilikaliwa na mfumo wa pili, wenye orodha ya maghala yao, kama alivyokiri dereva. Kinachoamua mashine iamke na mfumo upi ni programu iitwayo GRUB, nayo ilifungwa kwa nywila. Wataalamu wa Nairobi walisema kuivunja ni kazi ya siku nne.

Aliyeifunga, dereva alisema, ni fundi Arasa wa hapa Sindo. Duka lake lilikuwa na kufuli. Lo, Jumamosi! Msabato gani atafungua duka Jumamosi?

Alimkuta kanisani, benchi la nyuma. Akaketi, kompyuta mapajani, akasogeza buibui kidogo ili bastola yake, Glock, ionekane.

"Fundi, hii uliifunga wewe."

Arasa alifunga Biblia yake. "Dada, leo ni Sabato. Kompyuta siigusi. Njoo jua likizama."

"Jua likizama Milka atakuwa chakula cha samaki, mbuta wa ziwani."

"Milka wa omena?" Uso ulimshuka. "Mimi waliniambia ni ya mwalimu, anaficha mitihani."

"Sasa umejua."

Arasa alifumba macho. "Ng'ombe akitumbukia kisimani siku ya Sabato, anatolewa," alijisemea. Kisha: "Lakini sigusi. Nitasema, wewe andika."

Ubishi wa aina hiyo hauna dawa. Walitoka nje, wakaweka mashine juu ya boneti.

"Washa. Bonyeza Esc haraka. Niliweka sekunde sifuri, ndiyo maana menyu haionekani."

Menyu ikatokea. Mistari miwili.

"Chagua wa pili."

Akamtajia nywila herufi moja moja, mikono nyuma ya mgongo. Mfumo wa pili ukaamka. Ruqia akapitisha kidole kwenye orodha; ghala moja tu lilikuwa karibu na ziwa. Akapiga simu.

"Ghala la barafu, nyuma ya kwa Mogaka."

"Tumekupata."

Saa tano kasoro dakika nane, risasi mbili zililia upande wa ziwa. Kisha simu.

"Gunia liko salama. Katoni arobaini za detoneta. Wanne wamelala chini."

Alipofika, Milka alikuwa ameketi juu ya kreti, vifundo vya mikono vimevimba.

"Ulijua watanishika?"

"Ndiyo."

"Tangu lini?"

"Alhamisi. Tungekutoa mapema, wangehamisha mzigo."

Milka aliinuka kwenye kreti. "Na Alhamisi ile ile ulikuja kwangu, ukala ugali na watoto wangu."

Ruqia alitafuta aibu ndani yake, akaikosa.

"Ni watoto wazuri," alisema. Akafunga vifungo vya buibui, akaelekea kwenye gari bila haraka.