Nesi Asiye na Uso

Kila asubuhi, kabla ya kwenda shule, Yunisi alichota maji kijitoni, akawapa kuku pumba, kisha akaanua kambani nguo za kazi za mama yake. Alikuwa na miaka kumi na miwili, akisoma darasa la nne. Mama yake, Anastazia, alikuwa nesi katika zahanati ndogo ya misheni kwenye vilima vya Mbozi, mwendo wa saa mbili kwa miguu kutoka Mlowo. Baba yake, Jairo, alilima kahawa.

Mwezi wa Julai, mwaka 1957, kambani kuliongezeka kitu kipya. Mafua makali yaliyokuwa yakizunguka dunia yalifika Mbozi pamoja na wasafiri wa barabara kuu iendayo Tunduma. Hayakuwa mafua ya kupenga kamasi na kuendelea kulima. Mtu aliamka mzima, na kufikia jioni alikuwa anatetemeka kwa homa, viungo vinamuuma, kifua kinambana. Shuleni madawati yalianza kubaki matupu. Mashambani kahawa iliiva ikakosa wachumaji.

Dresa Watson, tabibu msaidizi aliyesimamia zahanati, alimpa Anastazia aproni ndefu na barakoa tatu. Zilikuwa za shashi, kitambaa chepesi cha kufungia vidonda, iliyokunjwa mara sita, zenye kamba nne za kufungia kisogoni.

"Moja iwe usoni, moja kwenye maji ya moto, moja kambani," alimwambia. "Ikilowa, ibadilishe, maana kitambaa kilicholowa hakikingi kitu. Tuko wawili tu hapa, Nesi. Mmoja akianguka, wagonjwa wote watabaki mikononi mwa mwenzake."

Wanakijiji hawakuwahi kuona kitu kama hicho. Wengine walisema nesi anawaonea kinyaa. Shuleni, Lusungu, mvulana aliyependa kuchekesha wenzake, alifunga leso mdomoni, akaanza kutembea akilia kama ndama.

"Huyu ni nani?" aliuliza. "Ni mama yake Yunisi! Amefungwa mdomo asimalize maziwa ya ng'ombe!"

Darasa zima liliangua kicheko. Yunisi naye alijichekesha, lakini masikio yalimwaka moto.

Jumamosi ilikuwa mbaya zaidi. Yunisi alimpelekea mama yake chakula zahanati, akamkuta Bibi Ferista ameketi kwenye benchi la nje. Bibi huyo alikuwa nyanya yake Ruti, rafiki mkubwa wa Yunisi. Alikuwa anakohoa, lakini nesi alipomkaribia alirudi nyuma na kuinua fimbo yake.

"Wewe nani?" aliuliza. "Sema wewe nani! Mtu asiye na uso hanigusi mimi."

"Ni mimi, mama. Ni Anastazia, mke wa Jairo." Anastazia akashusha barakoa kidogo.

Uso wa bibi ukalainika. "Aa, mkwe wangu! Mbona umejificha hivyo?" Akakohoa kwa nguvu, palepale mbele ya uso wa nesi.

"Nesi, vaa!" Dresa Watson alipaza sauti kutoka ndani. Anastazia akaifunga tena haraka. Bibi Ferista akaona ametengwa. Akainuka, akajikunja ndani ya kaniki yake, akaenda zake bila dawa. Ruti, aliyekuwa amemsindikiza, alimfuata nyuma, na alipompita Yunisi hakumsalimu.

Siku nne baadaye ukungu ulishuka mzito. Yunisi alipokwenda kuanua nguo alizikuta barakoa mbili zimelowa chapa. Ile ya tatu tu ndiyo ilikuwa kavu, kwa kuwa mama yake alikuwa ameifunga chini ya upenu. Yunisi aliishika, akamkumbuka Lusungu na kilio chake cha ndama, akamkumbuka Ruti. Akawaza: leo tu, siku moja tu, watu wamwone mama yangu kama alivyo. Akafungua mafundo, akaisokomeza barakoa ndani ya mfuko wake wa madaftari.

"Yunisi, ile barakoa kavu iko wapi?" mama yake aliita.

"Sijui, mama. Labda imechukuliwa na upepo."

Anastazia alisimama akiitazama kamba. Kabla hajasema lolote, honi ya lori ilisikika kutoka zahanati, iliyoonekana kutoka pale uani. Lori hilo lilileta vibarua saba waliokuwa wanarudi kutoka migodini ng'ambo ya mpaka, wote wanaungua kwa homa, mmoja akiwa hawezi kusimama. Dresa Watson alikuwa anaita kwa mkono. Anastazia alichukua aproni yake, akakimbia.

Siku hiyo shuleni Yunisi hakuona mchezo wowote wa ndama, na bado hakuwa na raha. Mfuko wa madaftari ulimlemea kama umejaa mawe. Jioni mama yake alirudi amechoka, akanawa mikono na uso kwa sabuni, akala. Hakuuliza tena habari za barakoa. Yunisi alitaka kusema, akameza maneno pamoja na ugali.

Ijumaa Anastazia aliamka akitetemeka. Kufikia adhuhuri hakuweza kuinua kichwa. Dresa Watson alikuja akiwa amejifunga barakoa, akampima joto, akatikisa kichwa.

"Alazwe chumba cha nyuma cha zahanati," alimwambia Jairo. "Wewe na mtoto msiingie. Chakula mtakiweka mlangoni."

Tangu hapo dresa alibaki peke yake. Yeye ndiye aliyepima joto, yeye aliyegawa aspirini, yeye aliyechemsha vyombo, na foleni ya wagonjwa ilifika hadi barabarani. Yunisi alimwona akisinzia akiwa amesimama, mkono umeegemea mwimo wa mlango. Moyo wake ukashindwa kuvumilia. Akatoa ile barakoa mfukoni, akamwendea.

"Shikamoo, Bwana Dresa."

"Marahaba, Yunisi. Usisogee karibu sana."

"Hii ni barakoa ya mama. Mimi ndiye niliyeificha." Machozi yakaanza kumtoka. "Nilidanganya kwamba ni upepo. Siku ile ya lori aliingia bila kitu. Mimi ndiye niliyemletea ugonjwa."

Dresa Watson aliitazama ile barakoa. Yunisi alitazamia kofi. Hakupigwa.

"Siwezi kukuambia kwamba mama yako aliupata ugonjwa siku ile," alisema taratibu. "Hata aliyejikinga vizuri anaweza kuupata. Lakini siku ile wagonjwa saba walimkoholea usoni, na kinga yake ilikuwa mfukoni mwako. Hilo umelijua mwenyewe. Sasa nenda dirishani kwa mama yako, umwambie kama ulivyoniambia mimi."

Dirisha la chumba cha nyuma lilikuwa wazi. Yunisi alisimama hatua chache nje yake. Mama yake alikuwa amelala ubavu, macho mekundu.

"Mama, haikuwa upepo. Ni mimi."

Anastazia alikohoa, kisha akatabasamu kwa shida. "Barakoa zile nazifunga kwa mafundo mawili, mwanangu. Upepo ungeyafunguaje? Nilikuwa nakungoja useme mwenyewe."

"Nisamehe, mama. Watu walikuwa wanakucheka."

"Nimekusamehe. Lakini ungeniambia kwamba wananicheka. Tungelitafutia dawa pamoja."

Yunisi alirudi nyumbani akilia, lakini kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya ukungu alilala usingizi mzito.

Siku ya nne ya kulazwa, Anastazia alitoka jasho jingi, homa ikashuka, akaomba uji wa ulezi. Jairo alipika mwenyewe, akauunguza kidogo, na mgonjwa akaumaliza wote. Dresa alisema hatari imepita, ila lazima apumzike wiki nzima kabla ya kurudi kazini.

Siku hiyohiyo Ruti alikuja mbio kwa akina Yunisi. Hakuwa na kinyongo tena, alikuwa na hofu.

"Bibi anapumua kwa shida! Dresa amekuja na sindano, lakini bibi amemfungia mlango. Anasema haguswi na mtu asiye na uso!"

Walikimbia pamoja. Walimkuta Dresa Watson uani, amevaa barakoa na aproni, mkoba wa dawa mkononi, anabembeleza mlango. "Mama, hicho ni kichomi," alikuwa anasema. "Usipopata penisilini leo, kesho itakuwa vigumu." Ndani bibi alizidi kukohoa.

Yunisi akakumbuka jinsi uso wa Bibi Ferista ulivyolainika Jumamosi ile.

"Bwana Dresa," alisema, "bibi hakatai dawa. Anaogopa kwa sababu hakutambui. Ungesimama mbali, pale penye jua, akuone uso kwanza. Umsalimie. Kisha ndipo ufunge barakoa, yeye akiwa anakuona."

Dresa alimtazama, akafikiri, kisha akarudi nyuma hadi mwisho wa ua, hatua kama kumi kutoka mlangoni. Akafungua barakoa.

"Ruti, mwambie bibi achungulie."

Mlango ukafunguka kidogo. Dresa Watson alisalimia kwa Kinyiha, lugha ya kwao, kwa heshima zote, akataja jina lake na la baba yake, akatabasamu. Jino lake la mbele halikuwapo.

"Kumbe ni wewe, mwenye pengo!" Bibi Ferista alisema kwa sauti ya kukwaruza. "Nilimfahamu baba yako. Yeye naye hakuwa na meno."

"Ndiye mimi, mama. Sasa nitafunga mdomo na pua, ili nisikuletee maradhi ya wengine wala nisiyachukue yako. Aliye ndani ya kitambaa ni mimi yuleyule."

Akatoa barakoa safi mkobani, akaifunga polepole, bibi akimwangalia. Mlango ukafunguka wote. Bibi alichomwa sindano siku hiyo na siku zilizofuata, na wiki haikuisha kabla hajaanza kumgombeza Ruti kwa kuchelewa kuleta kuni. Nyumba nzima ilifurahi kugombezwa.

Tangu hapo Dresa Watson, na Anastazia alipopona, hawakuingia nyumba yoyote kabla ya kusalimia kutoka mbali kwa nyuso wazi. Minong'ono ilikwisha.

Ugonjwa ulipopungua na shule ikajaa tena, Dresa Watson alialikwa kuzungumza na wanafunzi. Alieleza jinsi maradhi yanavyosafiri kwenye kikohozi, na kwa nini mhudumu hujikinga. "Kuna siku barakoa moja ilifichwa," alisema, "na kijiji kizima kikabaki na mhudumu mmoja." Hakutaja jina.

Yunisi alisimama.

"Aliyeificha ni mimi, Bwana Dresa."

Hakuna aliyecheka. Lusungu aliinamisha macho juu ya dawati lake. Dresa Watson alimwashiria Yunisi aendelee kusimama, akawageukia wenzake.

"Mtazameni vizuri. Alikosa, akasema kweli, kisha akatusaidia kuokoa maisha ya mtu. Watoto wangu, anayehudumia wagonjwa naye ana mwili kama wenu, huumwa na huweza kufa. Mkiona amejikinga, msidhani anawaonea kinyaa. Anajilinda ili kesho awepo tena, siku mtakapomhitaji ninyi. Na mkikosea, semeni mapema, kosa likiwa bado dogo. Yunisi alichelewa siku chache tu, na mnajua wenyewe tulivyotaabika. Keti, binti."

Yunisi akaketi. Ruti akasogea kwenye benchi hadi mabega yao yakagusana, na mwalimu akawaambia wafungue madaftari.