Neno Moja Kwenye Fomu ya Shule

Uvumi ule ulimganda Merryl kama kupe. Aliusikia kwenye foleni ya duka la mikate: ati kaskazini huko kuna mwanamke kafukuzwa wodini, na mtoto aliyemlea analia kitandani, kwa sababu kwenye karatasi yeye si mtu wake.

Jioni alimweleza Concetta, mwenzi wake wa miaka mingi, huku wakimenya viazi.

"Wewe na uvumi!" Concetta akacheka. "Mbwa wa jirani akibweka tu, unafunga mizigo."

"Bridie ni wako kwa cheti. Mimi je?"

"Akiugua anamtapikia nani shati? Si wewe? Basi wewe ni mama yake."

Bridie alikuwa na miaka sita. Concetta alimzaa, na kwenye cheti baba hakuandikwa. Merryl alimlea tangu ana miezi minne. Lakini mji wao wa miwa ni mdogo, na midomo haina breki. Kwa hiyo walimfundisha mtoto amwite Merryl "Anti". Na kwenye fomu ya shule, palipoulizwa uhusiano wake na mtoto, Merryl alijaza kwa mkono wake mwenyewe: rafiki wa familia.

Jirani yao Dulcie alifanya kazi kwenye ofisi ya msaada wa sheria. Merryl alimwita uani, akamuuliza mbele ya Concetta.

"Niwaambie ukweli, jamani," Dulcie alisema. "Sheria ya jimbo letu haiwaruhusu wanawake wawili kuasili mtoto. Mlango huo umefungwa. Lakini dirisha lipo. Mahakama ya familia inaweza kutoa amri kwamba Bridie anaishi nanyi nyote wawili. Na wewe Concetta, andika wosia, umtaje Merryl kuwa mlezi. Njooni Alhamisi."

"Tutakuja miwa ikiisha," alisema Concetta, aliyekuwa fundi kwenye kiwanda cha sukari. "Sasa hivi hata kujikuna sina nafasi."

Miwa ilikuwa bado shambani siku treni ya kiwanda ya kubebea miwa ilipoligonga gari la Concetta kwenye kivuko cha reli. Alikufa palepale. Bridie, aliyekuwa naye garini, alivunjika mkono.

Hospitalini muuguzi alimzuia Merryl mlangoni. "Wewe ni nani wake?"

Merryl alifungua mdomo. Likatoka neno lile lile la miaka yote.

"Anti yake."

"Dada wa mama, au wa baba?"

Ndani, mtoto alikuwa akilia.

Alipofika Renzo, kaka wa Concetta, aliruhusiwa mara moja. Siku ya tatu alimbeba Bridie hadi garini.

"Tunashukuru kwa msaada wako, Merryl," alisema. "Sasa familia ipo."

Dulcie alimsaidia Merryl kufungua kesi mahakamani. Wakili wa Renzo akainua fomu ya shule.

"Mwandiko huu ni wa nani?"

"Wangu."

"Tusomee."

Alisoma. "Rafiki wa familia."

Dulcie hakukata tamaa. Alitafuta kadi za chanjo zenye sahihi ya Merryl. Alimleta mwalimu aliyemwona Merryl kila asubuhi getini akimleta mtoto. Kesi ilichukua mwaka na miezi miwili. Mwishowe amri ikatoka: Bridie akae na Merryl, na Jumapili aende kwa bibi yake, mama wa Concetta.

Mtoto alirudi amerefuka. Alisimama mlangoni na begi lake, kama mgeni.

"Anti," aliuliza, "viatu niweke wapi?"

Ewe unayelea mtoto asiye wako kwa karatasi, epuka haya:

Usiseme "tutakwenda msimu ukiisha."
Usidhani kuishi nyumba moja kunatosha mbele ya hakimu.
Usikae bila wosia, hata kama u mzima wa afya.
Usitupe kadi ya kliniki wala barua ya shule yenye jina lako.
Usijifiche kwenye fomu. Fomu haisahau.
Na usimfundishe mtoto kumwita mama yake jina jingine. Atalizoea.