Chupa Iliyobaki Imejaa

"Maabara gani hiyo? Chumba nyuma ya tangi la maji, mlangoni mbwa watatu wamelala!" Ketaki alimfokea kaka yake.

"Mbwa hao wana akili kuliko wewe. Wao wanajua penye kivuli na penye kazi."

"Wewe uliyekimbia shule darasa la nane ndiwe wa kunifundisha sayansi?"

"Ndiyo, mimi! Nani amekuandikia madaftari mawili mazima ya majaribio, kwa sababu mwandiko wako kama kuku aliyekanyaga wino? Na namba zote tumenakili kwenye madaftari ya waliokutangulia chuoni. Majaribio mangapi umefanya mwenyewe, Ketaki? Sema!"

Ketaki alimchukia kaka yake Bhushan zaidi pale aliposema kweli, na asubuhi ile, akiwa ameshika mkate wa mtama kwa vidole vyenye oili ya pikipiki za watu, Bhushan alisema kweli tupu.

Ketaki alikuwa mwaka wa pili wa kemia chuo kikuu, na likizo ya joto ilikuwa imeanza. Alikuwa na nafasi mbili za kazi ya maabara. Moja ilikuwa katika jiji la Pune, kwenye taasisi kubwa yenye sakafu inayong'aa na mashine za kupoza hewa. Mwenzake mmoja alikaa huko miezi miwili mwaka jana. Alirudi na picha arobaini akiwa ndani ya koti jeupe, ila kazi aliyofanya ni kubandika karatasi za majina kwenye chupa. Ketaki aliziona picha tu. Nafasi ya pili ilikuwa hapahapa mjini Karvadi, katika chumba cha kupimia maji ya bomba. Pune walitaka jibu kabla ya saa kumi na moja jioni.

"Nenda ukakione kwanza," baba yao alikata maneno huku akivaa viatu. "Ukishakiona, kikatae. Kukataa usichokijua ni uvivu."

Basi Ketaki akavaa koti lake jeupe la chuo, akaenda, pua juu. Mbwa walikuwepo kweli. Ndani kulikuwa na meza ndefu, feni inayolia kama mgonjwa, na mwanamke mnene mwenye sari ya pamba na miwani iliyofungwa uzi. Huyo ndiye Vatsala-tai, na hiyo "tai" ni "dada mkubwa", jina la heshima. Alikuwa amepima maji ya mji huo miaka ishirini na sita.

"Wa chuo kikuu?" Vatsala-tai aliuliza, akimtazama kama mtu anayetazama biringanya sokoni. "Haya. Chupa hii imejaa maji ya mtaa wa Wafinyanzi. Pima klorini, ile dawa inayoua vijidudu. Mara tatu. Niandikie namba tatu. Naenda kunywa chai."

Kazi ya mtoto, Ketaki alijisemea. Akamimina maji kwenye glasi, akatia dawa, maji yakawa ya buluu hafifu. Akafungua mrija wa kupimia, tone moja moja, mpaka buluu ikatoweka. Akasoma mrija, akapiga hesabu: sifuri nukta tatu, klorini ya kutosha.

Feni ililia. Jasho lilimtiririka mgongoni. Akafanya kama kila mtu afanyavyo chuoni, ambako msimamizi hutaka namba zifanane na huzitia vema bila kuinua macho. Akaandika: 0.3, 0.3, 0.3. Kisha akatoa simu, akaanza kusoma fomu ya Pune.

Vatsala-tai alirudi, akatazama karatasi, halafu chupa. Akacheka, lakini si kicheko cha kumfurahisha mtu.

"Binti yangu, wewe mchawi? Kipimo kimoja kinakula glasi nzima. Ukipima mara tatu, chupa hii inabaki na robo. Mbona bado ina robo tatu?"

Ketaki alihisi masikio yanawaka. "Tai, namba zingekuwa zilezile..."

"Nani kakwambia? Maji?" Vatsala-tai alifungua kabati, akatoa daftari kuukuu, akalitupa mezani. "Soma. Ni la mwanafunzi wa likizo ya mwaka jana. Alikuwa na koti jeupe zuri kuliko lako."

Ketaki akasoma. Sifuri nukta tatu. Sifuri nukta tatu. Siku kumi na nne, namba haikutikisika.

"Siku hizo kumi na nne pampu ya klorini ilikuwa imekufa," alisema Vatsala-tai. "Nami nilikuwa namuuguza mama yangu kijijini. Niliporudi, watu thelathini na wawili walikuwa wamelala kwa homa ya ini, macho ya njano."

Ketaki alimjua mmoja wao. Bhushan alilala wiki sita mwaka ule, macho ya njano kama embe, hata spana hakuweza kuinua.

"Nenda Pune," Vatsala-tai alisema, akiiona fomu kwenye simu, akanyoosha mkono achukue chupa. "Huko utapigwa picha, na uongo wako hautamuumiza mtu."

Ketaki aliiwahi chupa, akaishikilia. "Tai, niache nimalize."

Akamimina tena. Safari hii tone halikumponyoka. Kipimo cha pili, sifuri nukta moja. Akakunja uso, akapima cha tatu. Sifuri nukta moja. Akarudia cha nne: nukta moja tena. Ile nukta tatu ya kwanza ilitokana na mkono wa haraka, matone yalizidi.

"Iko chini, Tai. Iko chini sana."

Vatsala-tai aliinama, akasoma mwenyewe. Kisha akanyanyua simu, akampigia fundi wa pampu, akamtukana kwanza, ndipo akamweleza shida. Alipomaliza, alivua miwani.

"Sasa umepima. Sikiliza. Namba uliyoitunga ni uongo hata ikitokea kuwa sawa, na uongo wa maabara huishia tumboni mwa mtu asiyekujua. Kazi nzuri si ile yenye sakafu inayong'aa. Ni ile ambayo ukiidanganya, inakukamata."

Saa kumi na nusu Bhushan alisimamisha pikipiki nje, akapiga honi mpaka mbwa wakaamka.

"Mheshimiwa profesa! Pune umewajibu?"

"Nimewajibu. Nimekataa."

"Eh! Na daftari la hapa nani atakuandikia?"

"Mimi mwenyewe. Kwa mwandiko wa kuku."

Bhushan alifungua kinywa amtanie tena, lakini Ketaki alikuwa ameshageuka, chupa tupu mkononi, anarudi ndani.